Maji Ndani ya Viganja

Mji wa matofali ulikuwa na desturi ya kuiumba dunia upya kila mwaka. Shayiri ikishaanza kutoa masuke, makuhani walimtoa mungu wao hekaluni, wakampandisha kwenye gari la kukokotwa, wakampitisha mtaa kwa mtaa, na mbele yake wakaimba jinsi kila kitu kilivyoanza. Na kwa kuwa kinachoanza hakina kilichokitangulia, siku hiyo mjini hapakuwa na jana. Wazee waliamka wakijisikia hawajazaliwa bado. Wafu walikuwa hawajapata nafasi ya kufa. Ungeweza kukata kona ya kichochoro ukakutana na mtu uliyemzika kwa mikono yako, kabeba kapu la vitunguu, akakupisha njia kama kawaida, wala hata mmoja wenu asishtuke.

Watu wa Kilima hawakuitaka siku hiyo. Wao walikuwa na jana, tena ndiyo mali pekee waliyokuwa nayo. Waliletwa wamefungwa kamba, mji wao wa mawe ukifuka moshi nyuma yao, wakapewa kitongoji kando ya mfereji na kazi ya kukanyaga udongo wa matofali. Walizaa pale, wakazika pale, lakini hakuna aliyethubutu kukiita kitongoji kile nyumbani. Nyumbani kulikuwa kilimani. Hata waliozaliwa mferejini, ambao kilima hawakupata kukiona, walikililia kwa machozi ya kurithi.

Kwa hiyo siku ya mungu kupita walifunga milango. Kila mtu mzima alimvuta mtoto mmoja, akampakata, akamziba masikio kwa viganja vyake mpaka gari lipite na nyimbo zififie. Waliiita Siku ya Kuziba. Maneno ya mjini yasiingie ndani ya mtoto, kwa maana yakiingia hayatoki. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyofanya, bila kukosa hata mwaka mmoja, kwa uangalifu mkubwa na upendo mwingi.

Kesia alikuwa mtu mzima sasa, ana mvi alizozificha chini ya mtandio, lakini viganja vya mama yake bado vilikuwa masikioni mwake. Hogla, mama yake, alikuwa na viganja vikubwa, vikavu, vyenye harufu ya lami na kitunguu. Alimkalisha mtoto mapajani, akaegemeza kidevu juu ya utosi wake, akaziba. Kidevu kilikuwa hakitulii. Kilimsugua utosini huku na huku, na Kesia mdogo alidhani ni namna ya mama yake ya kubembeleza. Dunia ilizimika. Mahali pake pakaja mvumo mpana, wa chini, usio na mwanzo. Aliamini kuwa ni maji. Aliamini mama yake amehifadhi maji mengi ndani ya mikono, maji ya zamani sana, na kwamba anapomsimulia hadithi ya gharika huwa anayachota humo humo.

Sasa Hogla alikuwa amekwisha kufa, na Kesia alizoea kujiuliza na kujijibu kimoyomoyo. Maji yalikuwa ndani ya mikono. Mikono iko wapi?

Imo udongoni, kando ya mfereji, chini ya tofali lenye alama ya kidole.

Kidole cha nani?

Changu. Tofali lilikuwa bado bichi. Sikuwa na kitu kingine cha kumwachia.

Mwaka huo ruhusa ilikuja. Mfalme mpya, ambaye hakuna mferejini aliyemjua sura, alitangaza kuwa wanaotaka kurudi kwao warudi. Safari ikapangwa kuanza asubuhi itakayofuata Siku ya Kuziba. Kila nyumba ilipewa punda mmoja, na ambacho punda hakibebi kibaki. Watu waligombana juu ya vyungu na mawe ya kusagia. Wengine walikwenda makaburini, wakasimama, wakarudi kimya. Kaburi halipakiwi.

Mambo ya hadithi yaliangaliwa na Mzee Pelatia. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuzaliwa kilimani wala mjini. Mama yake alimzaa njiani, wakati wanaletwa, juu ya mkokoteni wa majani makavu. Labda ndiyo maana alikipenda kilima kuliko waliokikumbuka. Alikuwa amekata shauri. Hadithi zote zisimuliwe uani kwake, mchana wa Siku ya Kuziba, milango ikiwa imefungwa. Zilizo safi zitasafiri, kila mtu azishike moyoni. Zenye harufu ya udongo wa mjini zitabaki pamoja na vyungu vilivyopasuka, na atakayezisimulia kilimani atatoka kundini.

Ya gharika ilikuwa ya Kesia. Hakukuwa na mwingine aliyeijua kama Hogla alivyoisimulia, na Kesia alishukuru kwa hilo kuliko kwa ruhusa yenyewe. Mifupa ya mama itabaki. Sauti yake itapanda punda.

*

Asubuhi ya siku hiyo, kabla milango haijafungwa, alikwenda kumuaga Bi Kashaya.

Bi Kashaya alikuwa mzaliwa wa mji, jirani wa upande wa pili wa ukuta. Ndani ya ukuta huo kulikuwa na tanuri la mkate lenye midomo miwili, mmoja kwa Hogla, mmoja kwa Bi Kashaya. Aliyelichimba alikwisha kufa na sababu yake hakuiacha. Hogla alitia unga upande huu, Bi Kashaya akatia upande ule, na mara nyingi mkate ulitokea kwa mtu asiyeukanda, naye akaula bila kuuliza. Walizungumza hivyo hivyo, kupitia moshi, miaka na miaka, nyuso zao nyekundu kwa joto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunirudishia ungo wangu au umekuja kulia?"

"Vyote."

"Anza na ungo. Nina unga wa kuchekecha."

Kesia akamrudishia ungo, akachuchumaa. Aliogopa kuinua macho, kwa sababu ilikuwa ile siku, na alijua kwamba akichungulia kwenye mdomo wa tanuri angeweza kuona upande wa pili mikono mikubwa, mikavu, inageuza mkate.

"Mama yako nitamwagia maji," Bi Kashaya akasema, bila kuacha kuchekecha. "Kila mwezi mwandamo. Wafu wana kiu."

"Sisi hatuwamwagii maji, Bibi. Ni mwiko."

"Najua. Hata yeye alinikatalia kabla hajafa. Nikamwambia, Hogla, nitamwaga, na usipoyataka utasema." Akacheka peke yake, kisha akajipangusa macho kwa kiwiko. "Kaa vizuri. Sina cha kukupa cha njiani. Punda wenu wamejaa, na mkate utakauka. Nitakupa hadithi. Haina uzito."

Akaanza. Zamani, watu walikuwa wengi, na kelele zao zikawanyima miungu usingizi. Miungu ikakata shauri la kuwazamisha wote, ikaapa kutolitoa nje. Lakini mmoja wao, mwenye huruma na mjanja, alikwenda penye nyumba ya mtu aliyempenda. Hakumwambia mtu yule neno. Aliuambia ukuta. Ukuta wa matete, sikia! Bomoa nyumba, jenga chombo! Naye mtu yule, amelala upande wa pili, akasikia.

Kesia akatabasamu kwa adabu. Kisha tabasamu likaanza kumganda. Chombo kikapakwa lami ndani na nje. Wakaingizwa wanyama wa kila namna. Maji yakameza milima. Chombo kikakwama juu ya kilele, na mtu yule akafungua dirisha, mwanga ukamwangukia shavuni, akalia. Akamtoa njiwa. Njiwa hakuona pa kutua, akarudi.

"Akamtoa mbayuwayu," Bi Kashaya akasema, "naye akarudi. Kisha akamtoa..."

"Kunguru," Kesia akasema.

"...kunguru, naye..."

"Hakurudi," wakasema pamoja.

Bi Kashaya akapiga makofi, unga ukaruka. "Kumbe unaijua! Na mimi najichosha."

"Ni ya mama yangu." Sauti ya Kesia ilitoka nyembamba. "Ile ni hadithi ya mama yangu. Umeitoa wapi?"

"Nimeitoa wapi! Kwa mama yangu mimi. Naye kwa wake. Inaimbwa na watoto hapa wakiruka kamba."

"Basi mmetuibia."

Bi Kashaya akauweka ungo chini. "Tumewaleta hapa kwa kamba shingoni, mwanangu. Hilo tumelifanya, na likitutia aibu tunastahili. Tumechukua vikombe vya dhahabu vya nyumba ya Mungu wenu, na mlevi mmoja mkubwa alivinywea pombe. Lakini hadithi ya mafuriko? Hebu niambie, huko kwenu kilimani kuna mto gani wa kufurika?"

Kesia akautafuta mto huo kichwani. Katika nyimbo zote alizolelewa nazo, kilima kilikuwa kikavu. Kilikuwa na mizeituni, mbuzi, visima vilivyochongwa mwambani, na watu waliotazama juu wakingoja mvua. Ni hapa, kwenye mji wa matofali, mito miwili inapoungana kwa hasira na kuchukua nyumba usiku, ndipo mtu angeweza kuota kwamba dunia yote imekuwa maji.

"Malizia," akasema kwa tabu. "Akatoka chomboni. Akachoma sadaka."

"Akachoma sadaka. Na miungu, ambayo ilikuwa na njaa kwa vile hakuna aliyebaki wa kuilisha, ikanusa ule utamu, ikamzonga kama nzi. Mama wa miungu akaja, akainua mkufu wake wa ushanga wa buluu, akaapa: kama ninavyoushika mkufu huu, siku hizi sitazisahau."

Kwa Hogla hakukuwa na nzi. Kwa Hogla Mungu alikuwa Mmoja, hakuwa na njaa, alinusa tu. Wala hakukuwa na ushanga. Kulikuwa na upinde mawinguni. Lakini Kesia alikumbuka siku aliyomuuliza, mama, huo upinde una rangi gani? Na mama yake, akili ikiwa kwenye mboga, akajibu haraka: buluu. Kisha akanyamaza, kama mtu aliyeuma ulimi.

*

Alitoka pale. Tarumbeta zilikuwa zimeanza kulia mbali, upande wa lango kubwa, na vichochoro vilikuwa vinalegea. Kuta zilikuwa na ubichi wa tofali lisiloingia tanuri. Mtu alipita akikumbuka kitu ambacho kingempata uzeeni. Msichana alikuwa anamlilia mume ambaye hajaolewa naye. Kesia alitembea akishika ukuta, akihesabu alichobakiwa nacho, na kila alichokishika kilikuwa cha jirani. Chombo ni chao. Lami ni yao. Ndege ni wao, hata yule asiyerudi.

Basi mama alinisimulia nini?

Miaka yote ile nilikuwa nalala juu ya mto wa nani?

Akakata kona, na mlango wa nyumba yao ya zamani ulikuwa wazi kidogo. Nyumba hiyo ilibomolewa zamani, mfereji ulipopanuliwa, kabla hawajahamia kando ya Bi Kashaya. Akachungulia.

Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, kijana, nywele nyeusi tupu, na mapajani mwake kulikuwa na mtoto aliyefumba macho kwa nguvu. Viganja vikubwa vilikuwa vimefunika masikio madogo. Kesia alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote, lakini kwa ndani, kutoka gizani kwenye mvumo. Hakuwahi kuliona kwa nje. Sasa aliliona, na lilikuwa jambo dogo, la wazi, la kumfanya mtu acheke au apige yowe. Mama alikuwa na mikono miwili tu. Yote ilikuwa juu ya mtoto.

Masikio yake mwenyewe yalikuwa wazi.

Nyimbo ziliingia dirishani, neno kwa neno, na Hogla alizisikia. Angewezaje kutozisikia? Aliusikia mwanzo wote: bahari iliyokuwa mama wa miungu, iliyokasirika, iliyouawa na kijana wake mwenye upinde na upepo, akaipasua katikati kama samaki wa ng'onda, nusu akaitandaza juu ikawa mbingu, nusu akailaza chini. Aliisikia gharika. Na mdomo wake ulikuwa unacheza. Kesia alisogea. Mama yake hakuwa anaimba. Alikuwa anabishana.

"Hapana," midomo ilisema, na kidevu kikasugua utosi wa mtoto, huku na huku. "Hapana. Si kwa ajili ya kelele. Nani anaua watoto kwa ajili ya kelele? Kwa ajili ya damu. Kwa ajili ya mtu kumfunga mwenzake kamba. Hapana. Hakupigana na maji. Maji yalikuwa yametulia, gizani, akayatazama tu, akasema. Hapana, hana njaa. Ondokeni, nzi nyie. Ondokeni."

Kesia alisimama pale mpaka tarumbeta zikamkumbusha kuwa milango inafungwa. Hakuingia. Mtoto alikuwa ametulia, na mapajani pale palikuwa na nafasi ya mmoja tu.

*

Uani kwa Mzee Pelatia watu walikuwa wamejaa, watoto mapajani tayari. Atara, mdogo wake Hogla, alikuwa amekaa pembeni kanuna. Yeye alikuwa ameshasimulia, hadithi ya joka la bahari lililopondwa kichwa na Mungu kabla ya siku ya kwanza. Mzee alimkatisha katikati. Ina udongo, akasema. Ibaki.

"Njoo, njoo, we Kesia," Atara akamwita. "Njoo unusishwe. Babu yenu ana pua ya mbwa leo."

"Mama mdogo, taratibu."

"Taratibu ya nini? Mimi na mama yako tumenyonya ziwa moja. Tusubiri tuone yake inanuka waridi."

Mzee Pelatia alimwonyesha Kesia mahali pa kusimama. Mjukuu wake wa kike, mwenye meno mawili yaliyong'oka, alikuwa amejikunja miguuni pake. "Haya, binti Hogla. Simulia."

Akasimulia. Alisimulia kama alivyosimuliwa, kwa vituo vilevile na pumzi zilezile, na alipofika penye kunguru kumpotea mtu yule angani, wanawake waliomjua Hogla walianza kulia, kwa kuwa ilikuwa kama amekuja mwenyewe amekaa kati yao na harufu yake ya lami. Alipomaliza, Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Safi," akasema. Uso wake ulilainika. "Hiyo ndiyo ya kwetu. Bado neno moja tu. Apa kwa jina la mama yako kwamba hadithi hii haikuguswa na mji huu, kisha ipande punda."

Kilichobaki ni kuapa tu. Neno moja, na Hogla anakwenda nyumbani. Kesia aliuona mlango ulivyo wazi, na njia, na kilima. Lakini mama gani angekwenda? Mama aliyezibwa masikio, asiyesikia kitu, asiyemjibu mtu. Yule wa sakafuni, aliyekaa peke yake akishindana na mji mzima kwa midomo isiyo na sauti, angebaki hapa. Angebaki na Atara, na joka, na vyungu vilivyopasuka.

"Siapi, Mzee."

Atara aliinua kichwa.

"Umesemaje?" Mzee akauliza.

"Siapi. Imeguswa. Imeguswa kila mahali."

Mzee Pelatia alisimama, na ilionekana kama hamalizi kusimama. "Basi itabaki. Na wewe ukiisimulia huko..."

Lakini gari lilikuwa limefika. Nyimbo zilipanda juu ya ukuta kama maji ya mfereji mwezi wa mafuriko, na mikono yote uani ikaruka kwenye masikio ya watoto. Mzee mwenyewe aliinama upesi, akamkumbatia mjukuu wake kwa nyuma, akamziba. Kesia, ambaye hakuwa na mtoto, alibaki amesimama katikati, mikono mitupu, akiwatazama. Watu wazima wote wameinama. Masikio yote ya watu wazima yako wazi. Midomo inacheza.

Akapaza sauti juu ya nyimbo. "Mzee Pelatia! Wewe nani anakuziba?"

Mzee alimtazama kwa ghadhabu. Kisha ghadhabu ikakosa pa kukaa. Kidevu chake kilikuwa juu ya utosi wa mtoto, na kilikuwa kinakwenda huku na huku, na hapo ndipo alipokihisi.

Nyimbo zilipita. Hakuna aliyeondoa mikono.

"Mama yangu," Mzee akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya mzee, "mama yangu alikuwa akinisugua kichwani hivi. Kila mwaka. Nilidhani ni baridi. Nilidhani anatetemeka."

"Alikuwa anasemaje?" Kesia akauliza.

"Sikumsikia. Aliniziba." Akakaa chini kabisa, udongoni, kama mtoto. "Nilimsikia kesho yake tu, akinisimulia."

Uani mwanamume mmoja alijishika utosi, akaupapasa kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Wengine walifuata.

"Mungu wangu," Mzee akanong'ona. "Basi sijui tubebe nini."

"Beba punda," Atara akasema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku ile, haikuwa na mwiba. "Hadithi zina miguu yake. Zilijua kuja, zitajua kwenda."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona aibu. Mzee alimgeukia Atara. "Lile joka," akasema. "Mwishoni linakuwaje?"

"Hukuniacha nimalize."

"Malizia basi. Na mwingine asiapishwe."

Mjukuu wake alikuwa anamvuta vidole, anataka kujua kama imekwisha. Mzee akaviondoa viganja, polepole, kimoja kimoja.

*

Asubuhi waliondoka. Atara alikuwa mbele, anamtukana punda. Walipofika mahali ambapo njia inapinda na mji unapotea, wengine walitazama mbele, kama walivyofunzwa. Kesia aligeuka.

Mji ulikuwa mwekundu kwa jua changa. Moshi mmoja mwembamba ulitoka kitongojini, kwenye tanuri lenye midomo miwili, ambalo sasa lilikuwa na mpishi mmoja. Maisha yake yote alikuwa amekililia kilima asichokijua, na machozi hayo alikuwa ameyazoea. Yalikuwa mepesi, ya kuimbwa. Haya yalikuwa mengine. Haya yalikuwa na harufu ya lami na kitunguu, na hakuna aliyemtungia wimbo wa kuyalilia. Hakuna aliyemwambia kuwa mtu anaweza kutoka utumwani akaacha nyumbani nyuma yake.

Huko nyuma, mwezi ukiandama, mwanamke wa watu wengine atachota maji, atamwaga juu ya tofali lenye alama ya kidole, na kumngoja Hogla akatae.

Kesia aliinua mikono yake, ambayo siku nyingi sasa ilikuwa mikubwa na mikavu, akaziba masikio yake mwenyewe. Punda wakanyamaza. Atara akanyamaza. Mvumo ukaja, uleule, mpana, wa chini, usio na mwanzo. Maji yalikuwemo. Alisimama akiyasikiliza huku msafara ukimpita kushoto na kulia. Kilichokosekana ni kidevu tu, juu ya utosi, kikisema hapana, hapana, na kuanza upya.